Taka na Dhima ya Maji Mengi

Ipo fikra kongwe katika visiwa na bandari za pwani hii, ambayo aghalabu haisemwi kwa kuwa kila mtu huichukulia kama iliyokwisha kusemwa: kwamba bahari ni kubwa mno kuweza kuchafuka. Maji ya kisima hulindwa. Mtungi hufunikwa, na mtoto atiaye mkono ndani yake hukemewa. Lakini matumbo ya samaki, maji ya kuoshea vyungu, jivu la mekoni na uchafu wa mji mzima, vikishafika pwani, huhesabiwa kuwa vimekwisha. Maji hujaa, maji hupwa, na asubuhi ufuo waonekana kama ulivyokuwa jana. Basi swali ni hili: je, wingi wa maji humwondolea mtu dhima ya alichokimwaga ndani yake? Au wingi huo huificha tu dhima hiyo, mpaka siku itakapomrudia yeye au mwenziwe?

Swali hili laweza kupelekwa kwa wanazuoni, kwa wakuu wa miji au kwa wavuvi. Wapo pia mashahidi ambao ni nadra kuitwa barazani, nao ni viumbe waishio ndani ya maji hayo, wanaokula humo, wanaozaa humo na wanaojisaidia humo. Ikiwa yupo aliyelazimika kuijua kanuni ya kutoa uchafu mahali palepale anapoishi, basi ni samaki.

Kila mnyama alaye, awe changu au mwanaadamu, hubaki na nitrojeni itokanayo na protini ambayo mwili wake hauihitaji. Nitrojeni hiyo hugeuka amonia, na amonia ni sumu. Ikizidi katika damu huharibu ubongo na kuua. Haiwezekani kuwekwa, hapana budi itolewe. Samaki wengi wenye mifupa hawaingoji hata figo. Amonia yao hupita katika matamvua, palepale panapopita pumzi, ikaingia majini na kuchukuliwa. Njia hii ni nyepesi kwa mwili, ila yataka maji. Makadirio ya vitabu vya elimu ya viumbe ni kwamba kutoa gramu 1 ya nitrojeni kwa salama, ikiwa katika hali ya amonia, kwahitaji kiasi cha nusu lita ya maji. Ikigeuzwa kuwa urea, kama ifanyikavyo katika mwili wa mtu, mililita 50 zatosha. Ikigeuzwa kuwa asidi ya uriki, ule weupe ambao ndege huuangusha juu ya mapaa, mililita 10 zatosha. Lakini kila hatua ya kuokoa maji hulipiwa kwa nguvu za mwili. Aishiye penye maji mengi huitoa taka yake ikiwa mbichi. Aishiye penye maji machache hana budi kuipika kwanza.

Kwa kutazama juu juu, samaki anaithibitisha fikra ile ya pwani. Maji ni mengi, basi naye hutoa bila kujisumbua. Lakini ushahidi wake haujakwisha, kwa sababu hata huyo aliyezungukwa na maji pande zote haishi bure. Bahari ina chumvi nyingi kuliko damu ya samaki, na kwa hivyo maji ya mwili wake huvutwa kutoka ndani kwenda nje. Samaki wa baharini ni mwenye kiu ya daima. Hana hila ila kuyanywa maji hayohayo ya chumvi, kisha kuisukuma chumvi nje kupitia matamvua kwa kazi isiyo na mapumziko, huku mkojo wake akiutoa kidogo kidogo kama mtu ahesabuye akiba. Mwenziwe wa mtoni ana msiba wa kinyume: maji humwingia bila kualikwa, naye hushinda akiyatoa kwa mkojo mwingi na kuikamata chumvi isimponyoke. Ni samaki na samaki, lakini adabu zao za kutoa zatofautiana, kwa sababu maji waliyopewa yatofautiana.

Kasa naye ana yake. Apandapo ufuoni usiku kutaga mayai, huonekana akitokwa na machozi mazito, na wengi wamedhani kuwa analia uchungu wa uzazi, au analilia watoto asiowajua. Machozi yale ni chumvi. Figo zake haziwezi kuimaliza chumvi aliyoila na kuinywa, kwa hivyo tezi zilizo karibu na macho huikusanya na kuitoa ikiwa nzito kuliko maji ya bahari yenyewe. Hulia vivyo hivyo akiwa majini, ila huko hapana amwonaye.

Papa ameshika njia ambayo ni ngeni zaidi. Urea ambayo wengine huitupa, yeye huiweka. Huihifadhi katika damu na nyama kwa wingi hata mwili wake ukalingana na bahari kwa uzito wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake, na maji yake yasivutwe nje. Chumvi iliyozidi huitoa kwa tezi iliyo mwishoni mwa utumbo. Mpishi aliyewahi kuletewa papa aliyelala aijua harufu ile kali ipandayo puani: papa akishakufa, vijidudu huivunja urea iliyo nyamani ikawa amonia. Kitu kilichokuwa nguzo ya mwili wake akiwa hai hugeuka uvundo baada ya kufa. Kwa hiyo neno taka si sifa ya kitu kilivyo. Ni hukumu juu ya mahali kilipo, kiasi chake na wakati wake.

Mashahidi wengine wawili wako mbali na chumvi ya pwani, katika maziwa ya bara. Wa kwanza ni kamongo wa Ziwa Viktoria, samaki mwenye mapafu. Akiwa majini hutoa taka yake hasa kwa amonia, kama samaki wengine. Kiangazi kikikausha vidimbwi, hujifukia katika matope, akajifunika kwa ute unaokauka, akalala miezi. Humo hakuna maji ya kupokea sumu yake. Basi huigeuza kuwa urea na kukaa nayo mwilini, akiichukua mwenyewe mpaka mvua irudi; ndipo huitoa. Homer W. Smith, mtaalamu wa figo wa Marekani, alimchunguza samaki huyu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1930. Miaka 2 baadaye alitoa kitabu cha hadithi alichokiita *Kamongo*, ambamo mwanasayansi na padri wanajadiliana juu ya maana ya maisha. Si ajabu kwamba mtu aliyetumia umri wake kuchunguza mkojo aliishia katika falsafa. Suala la nini kibaki ndani na nini kitolewe nje ni katika masuala ya mwanzo kabisa ya uhai.

Shahidi wa pili ni perege mdogo wa Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ziwa lenye jina moja na magadi yatiwayo katika maharage ili yaive upesi. Maji yake ni makali mno hata amonia hushindwa kutoka katika matamvua kwa njia yake ya kawaida. Mwaka 1989 wataalamu walitangaza kuwa samaki huyu hutoa takriban nitrojeni yake yote kwa njia ya urea, ingawa daima yumo majini. Maji yamkataa taka mbichi, naye amekubali gharama ya kuipika maisha yake yote. Hana uwezo wa kuligeuza ziwa, basi umbile lake ndilo lililogeuka.

Ukiwekwa pamoja, ushahidi wa hawa wote una neno moja. Hakuna hata mmoja ambaye kanuni yake ni wingi wa maji peke yake. Kanuni yao ni kile ambacho maji yale yanaweza kukipokea, na tofauti baina ya hicho na kile kilichozalishwa hulipwa na mwili wa mwenye taka. Kasa hulipa kwa tezi, papa kwa kuhifadhi, kamongo kwa subira, perege wa Magadi kwa nguvu zake za kila siku. Mzalishaji ndiye mlipaji.

Kuna upande wa pili wa habari hii, nao wapendeza zaidi kusimuliwa. Kitokacho katika mwili mmoja hupokewa na mwingine kikawa riziki. Mwaka 1983 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika bahari ya Karibi: matumbawe ambayo makundi ya samaki hupumzika juu yake mchana yalikua haraka kuliko yale yasiyo na samaki, kwa sababu ya rutuba itokayo katika miili ya wageni hao. Pono hukwangua mwamba kwa meno yake magumu, akala kilichoota juu na ndani yake, na jiwe lililosagwa akalitoa likiwa mchanga mweupe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kisiwa cha Vakkaru huko Maldivi ulikadiria kuwa zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya uliozalishwa katika mwamba wake ulitokana na pono. Watu hutandika mikeka juu ya kinyesi cha samaki, wakasifu weupe wake. Jongoo wa bahari naye humeza mchanga mchafu, akachukua chakula kilichomo, akautoa ukiwa safi kuliko alivyouingiza.

Nyangumi mkubwa mla ngisi huzama vilindini kutafuta chakula, kisha hupanda juu kuvuta pumzi na kujisaidia karibu na uso wa maji. Kwa njia hiyo huleta penye mwanga wa jua madini yaliyokuwa gizani. Watafiti walikadiria mwaka 2010 kuwa nyangumi wapatao 12,000 wa aina hii katika Bahari ya Kusini hutoa tani 50 za chuma kila mwaka, na chuma hicho hukuza vimelea vidogo ambavyo ndivyo malisho ya kwanza ya bahari. Na ndani ya utumbo wa nyangumi huyo ndimo inamofanyika ambari, ikizunguka midomo migumu ya ngisi isiyosagika. Ikitoka huwa nyeusi yenye harufu ya samadi. Ikielea miaka katika jua na chumvi hugeuka kijivu na kunukia. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Baghdad aliyefika pwani ya Zanj mwaka 916, aliitaja ambari ya bahari hizi. Kitu kilichoanza kuwa mzigo katika tumbo la mnyama kilimalizikia katika manukato ya masultani.

Mwenye kusikia haya yote aweza kushawishika kusema: basi hapana taka duniani, kila kitu ni riziki ya mwingine, na bahari itajua la kufanya. Hoja hii ni tamu, na kwa utamu wake yapasa kuchunguzwa. Yaacha masharti matatu yanayoifanya taka ya samaki iwe riziki. La kwanza ni kiasi: taka ya samaki hailizidi kundi lake, na kundi halizidi mwamba unaolilisha. Nitrojeni ileile inayoneemesha matumbawe ikija kidogo kidogo huyadhuru ikija kwa mafuriko, kwani mwani huota juu yake na kuyafunika. La pili ni ujuzi: samaki hatoi kitu ambacho hakuna awezaye kukila. Amonia, urea, chumvi na mchanga ni vitu vilivyozoeana na bahari kwa mamilioni ya miaka. La tatu ni lile la malipo, kwamba gharama ya kukifanya kitu kipokeleke ilikwisha kulipwa kabla hakijatoka.

Wapo watakaoitetea fikra kongwe kwa fikihi, wakumbushe kuwa maji ya bahari ni twahara, tena yenye kutwaharisha, na kwamba katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wa Waislamu wa pwani hii, maji yaliyofika kulateni hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi. Hukumu hiyo ni sahihi, lakini nusu yake ya pili husahauliwa: hayanajisiki maadamu haikubadilika rangi yake, au tamu yake, au harufu yake. Hata maji mengi, basi, yana mpaka. Tena hukumu ile iliwekwa kumwongoza mtu katika ibada, ajue maji gani yafaa kwa udhu. Haikuwekwa kuwa ruhusa ya kutia najisi kwa makusudi penye maji ya watu. Kujua kwamba nguo ya jirani yaweza kufulika hakumpi mtu haki ya kuitupia matope.

Na zama hizi zimeleta jambo ambalo macho, ulimi na pua haviwezi kulishuhudia peke yao. Wafugaji wa samaki mabwawani wanajua kuwa samaki waweza kufa katika maji maangavu, kwa sumu isiyoonekana. Plastiki husagika vipande vidogo visivyobadilisha rangi ya bahari wala tamu yake, wala havinuki, na hata hivyo vimo katika matumbo ya samaki. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019. Hatua hizo zilikuwa na maana pana kuliko usafi wa njia. Zilikuwa ni kukiri, kwa lugha ya sheria, kwamba kuna kitu ambacho bahari haina kinywa cha kukilia. Figo, tezi na matamvua hazikujua kukitoa. Kasa hukimeza akidhani ni yavuyavu, na machozi yake hayatoshi kukiondoa.

Hapa mwenye hoja ya haki aweza kupinga kwa namna nyingine. Atasema kwamba samaki hana wema wala ubaya. Perege wa Magadi hakuchagua kuwa mstaarabu. Wasioweza kutoa urea walikufa, na huyu akabaki. Vipi basi mtu afunzwe maadili na kiumbe asiye na hiari? Pingamizi hili ni la kweli, na wala halipasi kukwepwa. Samaki hafundishi wema. Anachofundisha ni hesabu, nayo haijui huruma: gharama ya taka hulipwa daima, na asipoilipa mwenye taka, italipwa na mwingine. Wema huanzia pale ambapo kuna mtu ajuaye hesabu hiyo na mwenye uwezo wa kumsukumia mwenziwe bili yake. Samaki hana uwezo huo. Mtu anao, na kwa sababu hiyo yeye peke yake ndiye mwenye kuulizwa.

Na aulizwe basi. Kwa miongo mingi maji machafu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yalipitishwa katika mifereji na mabomba hadi ufuoni, yakamwagwa baharini bila kusafishwa. Aliyemwaga alikuwa ndani ya nyumba yake, hakuona kitu. Alichoondoa hakikuondoka, kilihama kutoka mlangoni pake kikaenda mlangoni pa wengine. Nani hao? Ni mtoto arukaye majini ukutani wakati wa maji kujaa. Ni mvuvi asafishaye samaki wake kwa maji ya palepale. Katika pwani yoyote ya aina hii, ni mwanamke ashukaye na kikapu wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali, kuokota chaza na kombe. Naye huinama saa nzima juu ya tope ambalo halikutoka nyumbani kwake. Na chaza mwenyewe huchuja maji ili ale, akakusanya mwilini kile alichokikuta. Kisha hurudi mjini akiwa kitoweo, na huenda akafika katika sahani ya yule aliyemwaga, ambaye hatamtambua.

Kusafisha maji machafu kabla ya kuyatoa ni ghali, na serikali za visiwa si tajiri. Hilo halikanushiki. Lakini yafaa isemwe wazi kwamba kutosafisha si kuepuka gharama. Ni kuchagua nani ailipe, na mara nyingi mlipaji huchaguliwa kwa kuwa yuko karibu na maji na mbali na baraza la maamuzi. Kamongo katika tope lake hakukuta jirani wa kumwekea sumu yake, akaibeba mwenyewe hata mvua zilipokuja. Mji ambao bado hauna uwezo wa kusafisha vyote waweza walau kuanza na hilo: kujua kiasi cha unachotoa, kujua kinakwenda kwa nani, na kutokiita kimekwisha.

Mabaharia wa majahazi walilijua hili zamani. Chombo cha mbao huvuja hata kikiwa kizima. Maji ya bahari, ya mvua na uchafu wa shehena hushuka vyote mpaka ngamani, sehemu ya chini kabisa. Hakuna baharia aliyesema kuwa ngama si yake kwa sababu yeye hulala omo. Zamu ilipofika alishika upo akafua maji, kwani walijua kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo hutajwa sana kwa kuwaasa wenye kiburi, na inafaa kwa hilo. Lakini ina ukweli mwingine wa kazi ya kila siku. Baharia aliyefua maji alikuwa na ubavu wa chombo wa kuyamwagia nje. Bahari yenyewe haina ubavu wa pili. Chochote kitiwacho humo kimekwisha kufika ngamani, na huko chini hapana zamu ila ya wale waliomo chomboni.